Wembe Ambao Haukukaguliwa

Kila alasiri, akishavua sare za shule, Cherehani alikuwa na kazi moja ambayo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa: kusafisha wembe wa mashine ya shangazi yake ya kukatia karatasi. Jina hilo la utani alilipata darasa la kwanza, kwa sababu mdomo wake ukianza kwenda hausimami mpaka uzi ukatike.

Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa karakana. Humo Shangazi alikata maua, herufi na maumbo ya karatasi ya kupambia kadi na kuta. Mashine yenyewe ilitosha kujaza meza, lakini wembe wake haukuzidi nusu ya njiti ya kiberiti. Ulikaa ndani ya kishikio cha chuma, umeshikwa na sumaku. Ukibonyeza kitufe cha juu, ncha huchungulia chini.

Kuusafisha kulikuwa na utaratibu wake. Unachomoa kishikio, unabonyeza kitufe, unadunga ncha mara kadhaa kwenye mpira wa foili, ile karatasi ya kufunikia chakula, ili gundi na vumbi la karatasi vitoke. Kisha unauvika mpira kipande kipya cha foili. Mwisho unainua kishikio dirishani, unakagua ncha kwa macho, kamwe si kwa kidole. Shangazi alikuwa ameahidi kwamba likizo ikifika atamwachia mashine aiendeshe mwenyewe, na bila shaka Cherehani alikuwa ameshalitangazia darasa zima.

Siku hiyo wenzake walikuwa nje wanaruka kamba.

"Cherehani! Zamu yako inapita!"

Alidunga mpira harakaharaka, macho yakiwa mlangoni. Akauvika foili mpya, akaufinya, akautupa mezani. Kishikio akakirudisha bila hata kukitazama.

Kabla hajavuka kizingiti, Shangazi akatokea jikoni, mwanawe Kibonge akitambaa nyuma yake.

"Umesafisha wembe?"

"Tayari, shangazi."

"Na kuukagua?"

"Nimeukagua. Unang'aa!"

Uongo ulimtoka kirahisi mno.

"Vizuri. Basi kamba iache kwanza, uje unishikie karatasi. Mwalimu ameshafika."

Mwalimu wa chekechea alikuwa amefuata maua ya kupamba darasa lake. Aliketi kwenye benchi na kutazama mashine ikianza kunguruma. Kichwa cha mashine kilikwenda huku na huku, lakini karatasi ikatoka kama ilivyoingia, haina hata mkwaruzo. Shangazi akaongeza mgandamizo. Wapi! Akachomoa kishikio, akabonyeza kitufe. Hakuna kilichochungulia.

"Wembe haumo," akasema polepole. "Ulipoukagua ulikuwemo?"

Cherehani akajibu haraka: "Ulikuwemo."

"Basi umeanguka ulipokuwa unarudisha kishikio. Uko sakafuni." Papo hapo macho ya Shangazi yakamwangukia Kibonge chini ya meza. "Mwalimu, tafadhali mnyanyue mtoto! Hapo chini pana wembe!"

Mwalimu alimnyakua. Shangazi akamkagua viganja na nyayo, akashusha pumzi, kisha akapiga magoti na tochi mkononi. Kibonge, ambaye hapendi kukatiziwa safari zake, akaangua kilio cha kutoboa masikio.

"Nyamaza, baba, nyamaza," mwalimu alimbembeleza, huku akipapasa mezani kutafuta cha kumchezesha. Akampa kitu kinachometameta. Mtoto akanyamaza.

Cherehani naye alikuwa akitambaa, pua karibu na sakafu. Alipokuwa akipapasa pembeni mwa kabati, akakumbuka. Alipodunga mara ya mwisho kulikuwa na kukwama kidogo, kisha kishikio kikatoka chepesi. Akainua kichwa. Kibonge alikuwa ameusokomeza mpira wa foili mdomoni, nao ulikuwa unachakarika kati ya fizi zake.

Akisema, uongo wake uko wazi na mashine ataisikia tu. Lakini hofu kubwa zaidi ikamshinda.

"Shangazi! Wembe umo kwenye mpira! Nimekudanganya, sikuukagua!"

Mwalimu akanyoosha mkono kuunyang'anya.

"Usivute!" Shangazi alimzuia. "Ukivuta atauuma."

Akainuka taratibu, tabasamu usoni. Akavua bangili zake, akazitikisa mbele ya mtoto. "Kibonge wa mama, tazama hizi! Ni za nani hizi?"

Kibonge akatazama bangili. Akatafuna tena. Cherehani alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Hatimaye mtoto akautoa mpira, akaufikiria kidogo, kisha akauachia na kunyoosha mikono kudai bangili. Shangazi akaudaka.

Alimpapasa mtoto ulimi na fizi. Hakukuwa na damu. Ndipo akabandua foili kwa kibano. Ncha ya wembe ilikuwa imeshatoboa upande uliolowa mate.

Mwalimu akakaa tena kwenye benchi. Cherehani alikuwa analia kwa sauti.

"Niadhibu tu, shangazi."

"Likizo hii mashine hutaiendesha," Shangazi alisema. "Wembe utaendelea kuusafisha, mimi nikiwa nimesimama pembeni yako. Na umepiga kelele kabla hatujachelewa. Hilo nimeliona, sitalisahau."

Alifuta jasho kwa upande wa khanga, akamvuta Cherehani karibu.

"Wembe kukwama kwenye foili kungeweza kunitokea hata mimi. Kwa haraka yako ningekugombeza tu, yangekwisha. Lakini uliponiambia umeukagua, nilikuamini. Nikatafuta sakafuni. Mwalimu akamnyanyua mtoto kumwepusha na hatari, akampa hatari yenyewe mkononi. Sisi watu wazima tulifanya kila kitu kwa uangalifu, mwanangu, na nusura tumuumize Kibonge, kwa sababu tulianzia kwenye neno lako."