Video ya Mpaka

Bridget Nasipwondi alikuwa na studio ya picha pale Kisian, nje ya Kisumu, kando ya barabara ya Busia. Studio ni jina kubwa. Ilikuwa chumba kimoja cha mabati, kamera moja, kompyuta moja na pazia la buluu ukutani. Alitoka Bungoma kuja kutafuta kazi, na kazi akaipata: picha za pasipoti, harusi na mazishi. Watu walimwita Mama Griffin, kwa jina la mwanawe wa kwanza.

Video hula nafasi. Kila baada ya miezi michache kompyuta yake ilijaa. Basi akanunua diski ya nje, ile ya kuchomeka kwa waya, akaweka na programu ya kutunza nakala za akiba. Programu ilimwuliza maswali mengi kwa Kiingereza. Bridget hakuyasoma. Alibonyeza endelea, endelea, endelea, kama wengi wetu tunavyofanya. Nakala zikaingia kwenye diski. Naye akafuta video za zamani kwenye kompyuta, akachomoa diski, akaifunga kwa kitambaa na kuifungia kabatini. Aliamini kwamba kitu kilichofungiwa hakiguswi.

Jumatatu moja asubuhi mama mmoja, Seline, aliingia studio na beseni la omena, wale dagaa wa ziwani, kichwani. Alikuwa mjane, na omena yake aliinunua ufukweni Usenge. Alitua beseni, akakaa kabla hajakaribishwa.

"Mama Griffin, umeamkaje?"

"Nimeamka salama, Mama. Na wewe?"

"Mimi siko salama. Unakumbuka ile video ya mzee?"

Bridget aliikumbuka vizuri. Mwaka uliopita Mzee Okinyi, mume wa Seline, alikuwa mgonjwa na alijua hatapona. Alimwita Bridget amrekodi akionyesha mpaka wa shamba lake. Alitembea na fimbo, polepole, kutoka kwenye jiwe jeupe la mpaka, akiufuata ua wa minyaa hadi mwisho. Mdogo wake, Oduor, ambaye shamba lake linapakana na hilo, alitembea kando yake. Mwisho Oduor aliitazama kamera akasema kwa Kiswahili safi, "Ndiyo. Mpaka ni hapa." Wiki tatu baadaye mzee akazikwa.

"Sasa Oduor amehamisha ua," Seline akasema. "Amelima hadi karibu na jikoni yangu. Anasema mzee hakuonyesha mpaka wowote. Alhamisi wazee wanakaa, na chifu atakuwepo. Karatasi sina. Niko na hiyo video tu."

"Na ile flashi niliyokupa?"

"Ziwa lilipofurika, maji yaliingia mpaka kwa sanduku. Flashi ilikufa."

"Usijali, Mama. Yangu iko kwa kabati."

Bridget alifungua kabati, akatoa diski, akaichomeka. Taa ndogo ikawaka. Programu ikaamka yenyewe na kuanza kazi. Maneno yakapita kwenye skrini: inasafisha nakala zilizokwisha muda. Bridget alidhani inasafisha virusi. Maneno mengine yakaja: inaandika nakala mpya. Akamwambia Seline asubiri kidogo tu. Seline alisubiri, mikono mapajani, macho kwenye skrini, kama mtu anayengoja jamaa yake ashuke garini.

Taa ilipotulia, Bridget alitafuta video ya Mzee Okinyi. Haikuwepo. Akatafuta harusi za mwaka uliopita. Hazikuwepo. Palikuwa na nakala moja tu, ya asubuhi ileile.

"Iko wapi?" Seline akauliza.

Bridget alitafuta mara ya pili. Alitamani kudanganya, lakini hakupata uongo wa kutosha.

Siku hiyohiyo alimpelekea diski Valarie, fundi wa kompyuta mjini Kisumu. Valarie aliihangaikia hadi saa kumi jioni, kisha akavua miwani.

"Ulipoichomeka, uliiacha iendelee kuandika?"

"Niliiacha."

"Hapo ndipo ulipoimaliza. Kitu kikifutwa, mara nyingi huwa bado kipo, ila nafasi yake inahesabiwa kuwa wazi. Ukiandika kingine juu yake, kimekwenda. Ungeichomoa mara moja ukaniletea, labda tungeokoa kitu."

"Lakini mimi sikufuta. Diski ilikuwa kabatini mwaka mzima."

Valarie aligeuza skrini. "Soma hapa. Uliiambia programu kila nakala iishi siku tisini. Diski ikiwa kabatini, programu haiifikii, lakini haisahau. Siku unapoichomeka inahesabu, inaona siku zimepita, inafuta. Haikuulizi tena. Ilishakuuliza siku ya kwanza."

"Sikusoma."

"Najua. Ningekuwa nimefunga kibanda hiki kama watu wangekuwa wanasoma."

Bridget hakucheka. Mwenyewe alikuwa amemfungulia mwizi mlango, tena akamwambia mwenye mali asubiri.

Alhamisi alikwenda kwenye kikao. Alisimama mbele ya wazee akasema kweli: alikuwa na video, na kwa kutojua kwake imefutika. Akaeleza alichokiona siku ile nyuma ya kamera.

Oduor aliinuka taratibu. "Wazee wangu, huyu ni mtu wa kuja. Hata Kijaluo hasikii vizuri. Leo ndiye atatuonyesha mipaka yetu? Kama iko video, basi tuione."

Watu wakacheka. Oduor naye akatabasamu, na Bridget akajua kwamba anakumbuka kila hatua aliyotembea na kaka yake.

"Nani mwingine alikuwepo?" chifu akauliza.

Waliotembea mpaka ule walikuwa wawili. Mmoja alikuwa kaburini, na mwingine alikuwa ndiye huyo amesimama anakana. Wazee wakakigawa katikati kile kipande kilichogombewa, wakasema hiyo ndiyo amani. Seline aliwashukuru wazee, kwa kuwa mjane hutakiwa kushukuru. Njiani alitangulia mbele peke yake, na jambo hilo lilimchoma Bridget kuliko matusi.

Kesho yake Bridget alirudi kwa Valarie, safari hii amebeba kompyuta yenyewe. "Nionyeshe," akasema.

"Kwanza, diski usiichomeke. Fungua programu ikiwa peke yake, uingie kwenye mipangilio. Hapa kuna muda wa kutunza nakala. Ondoa siku tisini, weka daima. Hapa chini kuna tiki inayoruhusu kufuta nakala zilizokwisha muda kwenye diski za kuchomeka. Itoe. Hifadhi, funga, ufungue tena uone kama imebaki hivyo. Ndipo uchomeke."

"Na diski ikijaa?"

"Itakwambia imejaa. Nunua nyingine, au ufute wewe mwenyewe baada ya kutazama. Mashine isikuamulie. Na kama una diski ya zamani huna hakika nayo, ifungulie kwenye kompyuta isiyo na programu hii."

Bridget aliandika yote kwenye daftari. Valarie akaongeza, "Tena kidole kimoja hakivunji chawa. Diski ziwe mbili, moja isikae studio. Na usifute video kwenye kompyuta kabla hujaifungua kutoka kwenye diski zote mbili ukaiona inacheza."

Baada ya mwezi Bridget alimfuata Seline nyumbani. Alimwomba msamaha, kisha akaomba kurekodi mpaka mpya, bure. Seline aliutazama ua wa Oduor. "Njoo," akasema, "lakini na wazee wawepo." Wakatembea, Seline, Oduor na wazee wawili, na kila mmoja akasema mbele ya kamera, "Mpaka ni hapa." Video ikaingia kwenye diski mbili. Moja ikabaki kabatini, nyingine ikakaa kwa Valarie.

Ulipita mwaka na nusu. Msimu wa kulima ulipofika, ua wa Oduor ukatembea tena, hatua nne. Seline akaja Kisian na beseni lake. Safari hii alibaki mlangoni.

Bridget alifungua mipangilio kwanza, akaisoma neno kwa neno. Ndipo akachomeka diski. Taa ikawaka. Video ikafunguka, picha safi, sauti safi. Siku ileile chifu aliitazama, na kabla ya jua kuzama Oduor mwenyewe aling'oa vigingi vya ua wake.

Asubuhi iliyofuata Seline alirudi studio. "Nionyeshe tena," akasema.

Bridget akaicheza. Kwenye skrini Seline alisimama kando ya ua mpya na kunyoosha mkono.

"Simamisha hapo."

Bridget akasimamisha. Nyuma ya ua, ndani kabisa ya shamba la sukuma wiki la Oduor, lile jiwe jeupe la Mzee Okinyi, la mpaka wa zamani, lilionekana vizuri.

"Hii haitapotea?" Seline akauliza.

"Haitapotea, Mama."

Seline aliendelea kulitazama lile jiwe. Kisha akajitwika beseni lake akaenda kuuza omena.