Mipaka ya Hezekia Crull

Kitu cha kwanza kwenda mrama katika nyumba ya Kaloki ni kwamba mtoto alinyamaza.

Usicheke. Mtoto huyo alikuwa amelia tangu alipotoka hospitali, mpaka majirani wa ile ploti ya Mwihoko wakazoea kugonga ukuta kama saa ya kanisa. Alikuwa amepewa jina la babu yake, Muthoka, kama Wakamba wanavyofanya kwa kifungua mimba wa kiume, na kwa kuwa Wakikuyu nao hupanga majina vivyo hivyo, Waceke, mama mtoto, hakuwa na neno. Mwenye neno alikuwa mtoto. Ukimwita Muthoka ndio anazidisha.

Na Kaloki alikuwa na kazi inayotaka utulivu. Shule aliiacha kidato cha pili, na ukimuuliza alikuwa anakuambia shule ndiyo iliyoshindwa naye, kwa sababu sasa wazungu wenye digrii walikuwa wanamtafuta yeye awatafutie babu zao. Alikaa kitandani, kompyuta mapajani, akichimba rejista za kodi na mashamba za Marekani, za wakati ambao hapo Mwihoko palikuwa pa fisi. Mteja wake wakati huo, bibi mmoja mzee aitwaye Lorna, alitaka kujua babu wa babu yake, Hezekia Crull, mkulima wa Pennsylvania, aliishia wapi.

Kazi ndogo, alijigamba. Kumbe ni kukuna ukuta. Mwaka baada ya mwaka karani wa kodi alimwandika Hezekia Crull, ekari zake mia na hamsini, farasi wake, ng'ombe wake. Halafu mwaka mmoja hayupo. Ekari zipo, ila sasa ni za Tobias, ndugu yake. Hezekia hakuandikwa amekufa, hakuandikwa ameuza, hakuandikwa amehama. Kaloki akivuka kata ya pili anakuta Hezekia watatu, mmoja mpwa, mmoja binamu, mmoja hajulikani ni wa nani, na karani mlevi ameandika Krull, Crool, Kroll, apendavyo.

"Hii familia ilikuwa na majina mawili tu, wanaazimana kama koti," alimlalamikia Opiyo, rafiki yake wa Githurai aliyemsaidia kuchapa.

"Wewe ndiye ulisema utammaliza kabla ya Jumapili," Opiyo akamjibu kwenye simu. "Jumapili gani sasa?"

Waceke naye hakumwacha. "Unaweza kumpata mzungu aliyeoza zamani, lakini soksi zako kwa kamba huzioni."

Ndipo akaja Kavindu, mama yake Kaloki, kutoka Murera, na kiondo cha mbaazi. Alimsikiliza kidogo tu mjukuu akilia, akaweka kiondo chini.

"Huyu analia jina," alisema. "Kuna marehemu wetu anayetaka kurudi kwa mtoto huyu, nasi tunamlazimisha mwingine. Nipe."

Waceke akampa. Kavindu akakaa kwenye kigoda, akamlaza mtoto mapajani, akaanza kuwataja wafu wa ukoo, mmoja mmoja, polepole, akinyamaza baada ya kila jina amwone mtoto anasemaje. Maluki. Mtoto analia. Kaleli. Analia. Muoki, yule aliyefia kwenye mkonge. Analia vibaya zaidi.

Kaloki alikuwa upande wa pili wa pazia, simu sikioni, akimsomea Opiyo orodha ya kodi ili aichape upya tangu mwanzo, kwa sababu mtandao ulikuwa umekula kazi ya asubuhi yote. Alikuwa amechoka na alikuwa anasoma kwa hasira, kwa sauti ya kushindana na kilio.

"Hezekia Crull," akasema.

Mtoto akanyamaza. Hakupunguza sauti kwanza, hakufanya kwikwi. Alikata, kama redio iliyochomolewa.

Kavindu hakungoja. Jina la Hezekia ni la Biblia, na huko Yatta kwa kina mama yake wamejaa kina Hezekia. Alifikiri mwanawe amekumbuka mmoja wa wajomba. Akatema mate kidogo kifuani mwa mtoto, akayapaka kwa kidole gumba, na huko ndiko kufunga jina. Kisha akauliza, "Huyo ni Hezekia wa nani?"

Kaloki akafunua pazia akicheka mpaka mabega yanatikisika. "Mwaitu, mama yangu, huyo ni mzungu. Ni mtu wa kazi yangu."

Kavindu hakucheka. "Nimeshamfunga."

"Basi si tumepata tajiri. Mia na hamsini ekari." Akainama juu ya mtoto, akamshika mkono kama wazee wanavyosalimiana. "Karibu, mzee Hezekia. Hapa ni kwako."

Sasa hayo maneno ya mwisho ndiyo ambayo mtu mwenye akili hasemi.

Siku ile wote walilala vizuri. Hata majirani walisalimia. Waceke ndiye aliyeona kwanza kwamba mtoto hanyonyi. Alikuwa anashika titi, anaonja, anageuza uso kwa adabu, kama mgeni aliyewekewa chakula asichokijua. Na macho yake, ambayo kwa umri ule hayapaswi kufuata kitu, yalikuwa yanafuata kitu. Yalianza pembe ya mlango, yakaenda polepole na ukuta mpaka pembe ya jiko, yakasimama, yakageuka, yakaenda mpaka dirishani.

"Anaangalia nini?" Waceke akauliza.

"Anakagua nyumba," Kaloki akasema. "Mwenye mali huyo."

"Kaloki, mtoto wangu hajala tangu jana. Usinitanie."

Kliniki wakampima, wakasema hana homa, hana kidonda mdomoni, mama aendelee kujaribu. Mashavu yakaanza kushuka. Hakulia hata kidogo, na Waceke, aliyekuwa amekiombea kilio kile kife, sasa alikuwa anamfinya nyayo ili alie.

Kisha harufu ikaingia. Ilikuwa ya sufu iliyolowa na matunda yaliyochachuka, harufu ya baridi, mchana kweupe, mabati yakiwa yanapasuka kwa jua. Kaloki alipekua chini ya kitanda akitafuta panya aliyekufa, na alichokuta ni kwamba kitanda hakikugusa ukuta tena. Kabati halikugusa. Jiko la gesi halikugusa. Kila kitu kilikuwa kimesogea ndani kiasi cha upana wa mtu mmoja, na katika ile nafasi, kuzunguka chumba chote, sakafu ilikuwa na udongo wa kijivu wenye majimaji, uliokanyagwa.

Akavirudisha vyombo ukutani huku akitukana. Aliporudi kutoka dukani vilikuwa vimesogea.

Jioni stima zikapotea ploti nzima. Waceke alikuwa amekaa katikati ya kitanda na mtoto, Kaloki ameshika simu kwa mwanga, ndipo wakasikia chuma kikiburutwa sakafuni, polepole, kling, kling, kikivutwa kikanyooka, kikatulia, halafu hatua za buti nzito zisizo na haraka zikatembea kutoka mlangoni mpaka kwenye jiko, na chuma kikavutwa tena, na buti zikafuata tena, na harufu ya sufu ikapita karibu na kitanda hivi kwamba Waceke alirudisha miguu yake ili asimkanyage huyo aliyekuwa anapita, na mtoto, mdogo hivyo, akageuza shingo yake isiyo na nguvu akamsindikiza kwa macho mpaka pembe ya mwisho.

"Uko na mdomo mwingi," Waceke alinong'ona. "Mwambie kitu."

Kaloki akaelekeza mwanga wa simu ukutani.

Simu ikaita mkononi mwake, nusura aitupe. Ni Opiyo.

"Buda, nimekupatia mzungu wako. Si yeye, ni shamba lake. Tobias aliliuza, hati ninayo. Wameandika mipaka yote, kutoka mwaloni mweupe mpaka jiwe la kijito. Na unajua walikuwa wanapima na nini? Minyororo ya chuma. Watu wawili wanaburuta."

Nyuma ya Kaloki chuma kikasimama.

"Hezekia mwenyewe yuko wapi?" Kaloki akauliza kwa sauti ya chini.

"Hayumo. Tobias ameandika tu shamba ni lake na hakuna mwingine anayelidai. Hallo? Kaloki?"

Asubuhi walikuwa Murera pamoja na Kavindu, kwa Mama Katunge, mwanamke wa makamo anayewaombea watu katika chumba cha nyuma cha posho mill ya kusaga unga. Hakuwasha kitu, hakumwaga kitu. Alimnusa mtoto utosini, akakunja uso.

"Ni wa mbali," alisema.

"Mtoe," Waceke akasema.

"Jina alilofungwa kwa mate ya bibi yake silitoi mimi. Mwenye jina hushuka mwenyewe akitaka. Wala hana ugomvi na mtoto. Anatafuta kwake. Alipoteza shamba, si ndio?"

Kaloki akatikisa kichwa kukubali.

"Alikaribishwa na nani?"

Hapo Kaloki akaangalia viatu vyake.

"Huyu akionyeshwa mipaka yake atashuka, akae. Lakini kwenye chumba cha kupanga hapati, ndio maana anazunguka. Mtu wa shamba anataka udongo."

Wote watatu wakamwangalia Kavindu bila kutaka. Shamba walilokuwa nalo ni lake tu, robo ekari pale pale Murera, na nyumba ya mabati ya vyumba viwili, alilonunua kwa miaka ya kuchuma kahawa ya watu wengine. Hati miliki aliiweka ndani ya Biblia.

"Ni maneno tu, Mwaitu," Kaloki akasema. "Yeye alikuwa na mia na hamsini. Ataona robo, atacheka, aende."

"Si maneno tu," Mama Katunge akasema. "Mwenye shamba lazima akubali kwa mdomo wake."

Kavindu alimwangalia mjukuu. Ngozi ya shingo ilikuwa imeanza kulegea, kama ya mzee. Akafungua leso aliyojifunga kichwani, akaifunga upya, akakaza.

"Tusikawie," alisema.

Basi wakaenda. Kaloki alibeba mtoto, akasoma kutoka kwenye simu hati ya Tobias aliyotumiwa na Opiyo, na kila kitu kisichokuwepo wakakiwekea kingine. Kutoka mwaloni mweupe, wakasimama kwenye mparachichi. Kuelekea kusini mpaka kijito, wakafuata mtaro wa maji machafu. Mpaka jiwe, wakagusa jiwe la kufulia. Kutoka hapo mpaka mti uliochanjwa alama, na hapo palikuwa na nguzo ya stima tu, wakaishika. Nyumba ilikuwa ndani ya mipaka. Hapakuwa na namna ya kuiacha nje. Waliporudi kwenye mparachichi, Kavindu akasema kwa Kikamba, bila kupaza, kwamba anakubali.

Mtoto akashtuka mikononi mwa baba yake kama aliyeangushwa. Akakunja uso, akawa mwekundu, akalia kilio ambacho kiliwatoa watu kwenye posho mill. Waceke alimpokonya, akakaa palepale chini kwenye mahindi, na mtoto akanyonya hadi akapaliwa.

Ukimwona Kaloki wiki ile ungefikiri ni yeye aliyemtoa pepo kwa mkono. Aliwasimulia kinyozi, muuza mayai na Opiyo mara mbili. Mtoto akaitwa Muthoka tena, akaridhika, akanenepa. Lorna akaandikiwa kwamba babu yake hajulikani aliko.

Jumamosi wakachukua kuku, wakaenda Murera kumshukuru Kavindu.

Walimkuta ameketi njiani, upande wa nje wa ua, juu ya beseni alilopindua. Jembe lilikuwa pembeni yake, safi. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Mwaitu, mbona unakaa nje kama mtu wa kuuza sukuma wiki?"

"Ingia wewe," Kavindu akasema.

Kaloki akacheka, akapita kwenye mparachichi. Harufu ya sufu iliyolowa ikamjaa puani, baridi ikampanda magotini, akapiga hatua ya pili na ya tatu, na aliponyanyua macho alikuwa anamwangalia mama yake usoni, viatu vyake vikielekea barabarani. Akajaribu tena kwa hasira. Akarudi tena. Nyuma ya nyumba ya mabati, mahali palipokuwa na mahindi, shoka lilikuwa linaangusha kitu, pigo moja, pumziko, pigo moja, kazi ya mtu asiye na haraka.

"Nimelala kwa Katunge tangu juzi," Kavindu alisema. "Biblia yangu imo ndani."

"Nitamwita savea apime upya. Nitaita chifu. Hati si iko na jina lako?"

"Utamwambia chifu nini? Mimi nilikubali."

Waceke alikuwa amemgeuza mtoto kifuani asione upande ule.

Kavindu akainuka, akakung'uta vumbi kwenye sketi. Akasogea mpaka kwenye mparachichi alioupanda yeye mwenyewe, asiuvuke. Akaweka mkono mmoja juu ya mwingine, kama alivyokuwa akisimama zamani mbele ya mnyapara wa kahawa.

"Hodi," akasema.

Shoka likasimama. Ni kama mtu aliyenyanyua kichwa kuona ni nani.

Kisha likaendelea.