Kadi ya Nyumba Namba Tisa

Droo haikuvunjwa. Hilo ndilo lililomkera Inspekta kwanza. Kadi za mtaa mzima zilikuwa zimesimama humo wima, kimya, kama hazijawahi kuguswa. Iliyokosekana ni moja tu: ya nyumba namba tisa.

"Jana nilitoka kula saa saba, nikarudi saa nane," alisema karani wa masjala ya halmashauri, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba. "Sikugundua kitu. Leo asubuhi nesi kaja kuiona kadi yake, navuta droo, hola!"

"Droo ina kufuli?"

"Kufuli lipo, afande. Ufunguo ulipotea kabla sijaajiriwa."

"Nani ana shida na kadi ya nyumba?"

Karani akacheka bila furaha. "Sema nani hana. Nyumba zimethaminiwa upya. Mtaa ule umewekwa lami, basi thamani imepanda, na kodi ya jengo imepanda nayo mara tatu. Watu wanakuja hapa wanalia. Mmoja juzi kanitemea mate mezani, utadhani lami nilimwaga mimi."

Nesi mwenyewe alikuwa kwenye benchi, bado na sare ya zamu. Nyumba aliinunua miezi minne nyuma, kwa mkopo unaokatwa kwenye mshahara. Hesabu zake zote alizipiga kwa kodi ya zamani.

"Wameniandikia vyumba sita," alisema. "Nina vitatu, afande. Nadhani wamehesabu na mabanda ya uani. Pingamizi mwisho Ijumaa, na bila kadi ya vipimo hawalipokei. Lisipopokelewa, siwezi kulipa benki na kodi pamoja. Nitaiuza."

"Ulimwambia nani kwamba unakuja kuiangalia?"

"Sikumwambia mtu. Watu wangu wa nyumbani tu."

Inspekta akarudi kwenye droo. Kitu kilikuwa hakikai sawa. Namba kumi na nne ilitangulia, ikafuata tatu, halafu tano, halafu kumi na mbili.

"Hivi ndivyo mnavyopanga?"

Karani akasogeza miwani. "Wee! Hapana. Mimi napanga anavyotembea mthamini: upande wa kulia kwenda, wa kushoto kurudi. Nani kanivurugia?"

"Aliziangusha kwa haraka, akaziokota, akazipanga. Ila kazipanga anavyojua yeye."

Akaandika namba zote kwenye kijitabu chake, akaenda mtaani kuzifuata kwa miguu. Namba kumi na nne ilikuwa mwisho kabisa wa mtaa. Kutoka hapo akavuka barabara kwenda namba tatu, akaingia kichochoro cha nyuma hadi namba tano, akavuka tena. Alikuwa akiyumba kama mlevi mchana kweupe, jasho likimtoka shingoni. Mwanamke aliyekuwa akianika nguo akashindwa kuvumilia.

"Afande, siku hizi mnasoma mita za maji?"

"Kwa nini unasema hivyo?"

"Si ndivyo alivyokuwa akipita Mzee Mita! Anaanzia kwenye vali kule mwisho, anafuata bomba. Miaka thelathini hajawahi kupita njia nyingine. Tulikuwa tunamtania, siku bomba likihama naye atapotea."

"Mzee huyo anakaa wapi?"

"Alikuwa hapo namba tisa. Mkewe alipofariki akauza. Sasa kapanga chumba nyuma ya karakana ya useremala."

Mzee Mita alifungua mlango kabla hajagongewa mara ya pili. Alikuwa mrefu, shati limepigwa pasi. Chumba kilikuwa na kitanda, jiko, na mkoba wa ngozi wa kazi yake ya zamani. Alimtazama Inspekta, akauchukua mkoba, akatoa kadi na kuiweka mezani mwenyewe.

"Nimeiba," alisema. "Nipeleke."

Kituoni maelezo yake yalikwenda kama maji. Aliingia masjala saa saba na robo, akavuta droo kwa haraka, ikachomoka, kadi zikamwagika. Akaziokota, akazirudisha.

"Kwa nini uliiba?"

"Nawachukia watu wa halmashauri. Wametuumiza."

"Mzee, wewe huna tena nyumba ya kutozwa kodi."

Mzee akanyoosha kola ya shati.

"Na kama unawachukia, kwa nini hukuichana?"

"Nimetunza kumbukumbu za watu miaka thelathini, afande. Mkono haukukubali."

Inspekta akaigeuza kadi. Nyuma kulikuwa na mstari mmoja: mwenye nyumba amepokea notisi ya uthamini mpya. Tarehe. Sahihi.

"Hii sahihi ni yako?"

"Ni yangu."

"Nyumba uliiuza wiki tatu baadaye. Nesi alikuuliza kodi ni kiasi gani?"

Mzee akatazama viatu vyake. "Aliuliza."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimpa risiti ya mwaka uliopita."

Inspekta aliinamia karatasi yake, hakuandika kitu. Mthamini alipopita nyumbani kwa Inspekta mwenyewe, mwaka huohuo, Inspekta naye alimwambia chumba cha uani ni stoo. Wapangaji wake walikuwa wameambiwa watoke kidogo. Masikio yake yakawaka moto.

"Endelea, mzee," alisema, kwa sauti ya chini zaidi.

"Mnunuzi wa kwanza nilimwonyesha ile notisi. Nilikuwa mkweli, afande, wallahi. Alikimbia siku ileile. Na mimi nilikuwa na deni la matibabu ya mke wangu. Alipokuja huyu binti, notisi nikaikunja. Ndiye aliyemuuguza mke wangu. Alimwogesha kwa mikono yake, mimi nikiwa nje nimeshindwa kuangalia. Kila siku nikasema, kesho nitamwambia. Mpaka leo Jumapili haipiti hajaniletea dawa. Ananiita baba. Juzi kaniambia anakwenda kuitazama kadi. Nikajua ataigeuza."

"Bila kadi angeipoteza nyumba."

"Najua." Machozi yalikuwa yamefika kidevuni, hakuyafuta. "Nifunge tu, afande. Ila usimwambie."

Mlango ukafunguliwa. Nesi alikuwa ameitwa kuitambua kadi. Akamwona mzee, uso ukalainika.

"Baba! Nawe wamekusumbua? Umekunywa dawa lakini?"

Mzee akamgeukia Inspekta. Inspekta akatikisa kichwa.

"Haya ni ya kwako kuyasema, mzee."

Mzee akaisukuma kadi mezani, nyuma ikiwa juu, kidole kimekaa kwenye sahihi yake.

Nesi alisoma. Akasoma tena tarehe. Kisha akaigeuza, akapitisha jicho kwenye vipimo. Mabanda matatu ya uani yalikuwa yameandikwa vyumba.

"Naweza kupata nakala?" alimuuliza Inspekta. "Ijumaa ni keshokutwa."

"Itapigwa muhuri sasa hivi."

Aliikunja nakala, akaitia mfukoni mwa sare, akasimama. Mzee naye akasimama, mikono imening'inia.

"Jumapili," alisema nesi bila kumtazama, "nitamtuma mtu akuletee dawa zako, mzee."

Akatoka. Mzee Mita alibaki amesimama, akiuangalia mlango, mpaka Inspekta alipomwambia akae.