Saa Arobaini za Kliniki

Nyumbani walimwita Dokta Kuku, tangu siku alipomfunga jogoo bendeji shingoni badala ya mguuni. Sasa alikuwa na miaka kumi na tisa, na utani ulikuwa umepungua. Ugonjwa wa kuambukiza ulikuwa umefunga shule. Majirani walisalimiana kupitia madirisha.

Dokta Kuku alitaka kusomea udaktari wa mifugo. Chuo kilidai saa mia moja za kazi kwenye kliniki ya wanyama. Yeye alikuwa na sitini. Zilibaki siku tano kabla ya mwisho wa kupokea fomu, saa nane kila siku. Akikosa hata siku moja, chuo hakipati.

Jumatatu akaamka na homa na kikohozi.

"Leo pumzika," baba yake, fundi cherehani, alimwambia.

"Nikipumzika, mwaka mzima umekwenda na maji, baba!"

Kwenye geti la kliniki walipima joto. Basi akameza vidonge vya kushusha homa, akajikaza kisabuni. Kipimo kikadanganyika, mlinzi akampisha. Siku mbili alishika mbuzi wa kuchomwa sindano, bega kwa bega na msaidizi wa kliniki, mama wa makamo. Kila alipokohoa, alisingizia vumbi la majani makavu.

Jumatano msaidizi hakuja. Alikuwa hospitali, amewekewa oksijeni. Dokta Kuku akarudi nje ya geti, akampigia daktari wa kliniki simu na kumweleza yote.

Daktari aliuliza: "Ndama akikohoa hapa, tunafanya nini?"

"Tunamtenga."

"Hata kama anakula vizuri?"

"Hata hivyo."

"Na wewe je? Vidonge vimeshusha joto tu, mwanangu. Ugonjwa bado umo, unatoka kwa pumzi na kikohozi. Nenda kapime. Kaa chumbani kwako peke yako, dirisha wazi. Baba avae barakoa, aache chakula mlangoni. Ukianza kuhema kwa shida, hospitali haraka."

"Na saa zangu?"

"Uliwauliza chuo?"

Hakuwa amewauliza.

Alipima, akakutwa nao. Akapiga simu chuo akiwa kitandani.

"Tuma fomu na saa ulizo nazo," karani alisema. "Mko wengi. Zilizobaki mtamalizia hali ikitulia."

Simu haikumaliza dakika tano. Aliziba uso kwa mto, akalia kwa uchungu na aibu. Kwenye fomu akaandika sitini. Zile kumi na sita za homa hakuzihesabu.

Baba hakuambukizwa. Baada ya miezi mitatu barua ya chuo ikaja: amekubaliwa, amalizie saa zake. Akarudi kliniki. Msaidizi alikuwepo, amekonda, akitembea hatua chache na kusimama.

"Ulijua unaumwa?" alimuuliza.

"Nilijua, mama. Nisamehe."

Mbuzi alikuwa akisubiri sindano.

"Mshike wewe," msaidizi alisema. "Mimi pumzi hazinitoshi."