Tetra Mia na Ishirini

Alhamisi, saa moja na robo asubuhi, Ireri alifungua ukumbi wa hoteli ya Bwana Ndambiri mjini Runyenjes, akasimama mlangoni asiweze kupiga hatua. Samaki mia na ishirini aina ya tetra, wadogo mfano wa kidole cha mtoto, waliokuwa wakipita majini kwa kundi moja kama utepe wa buluu, sasa walielea juu ya lile tangi kubwa la kioo, matumbo yakielekea dari.

Ilipotimu saa mbili na nusu, Sajini Makandi wa kituo cha polisi aliwasili. Mwenye hoteli alikwisha kutoa hukumu.

"Ni huyu Ireri, afande. Kazi yake ni kulisha samaki tu, na imemshinda. Jana saa kumi alibadilisha maji. Maji ya bomba yana dawa. Mpeleke ndani."

Ireri, baba wa watoto wawili, alizungumza kwa sauti ya chini. "Nilileta ishirini kila wiki, wiki sita, ndio tangi liwazoee. Leo niwamalize kwa ndoo ya maji?"

"Maji hayo ulitia wapi kwingine?" aliuliza Makandi.

"Kwa tangi dogo la ofisini. Samaki wageni hukaa hapo kwanza, tuone kama ni wagonjwa."

Wakaenda. Tetra kumi na wawili walikuwa hai, wamejibanza pembeni. Maji ni yale yale, na saa ni ile ile. Bomba likaondoka katika kesi.

Ndambiri akageuza kidole upande wa pili wa barabara. "Basi ni Gikunda. Tangu nilete tangi hili, hoteli yake imebaki na nzi. Jana saa kumi na moja alikuja hapa kunywa chai, na jicho lake halikuwa zuri."

"Aliketi na nani?"

"Na mimi."

"Aliondokaje?"

"Nilimsindikiza mpaka getini."

"Basi ama hayumo, ama mlifanya pamoja. Chagua, Bwana Ndambiri."

Ndambiri akashusha kidole. Makandi akakunja mkono wa shati, akatoa chini ya tangi konokono watatu waliowekwa kulamba ukoga wa kioo. Nao walikuwa wamekufa.

"Kwetu Meru," alisema, "baba akiosha pampu ya kupulizia kahawa mtoni, konokono ndio waliotangulia kufa. Dawa ya kopa, ile ya kuua ukungu. Nani ana kopa hapa?"

"Mzee Runji wa bustani," alijibu Ireri. "Hupulizia waridi zikishikwa na ukungu. Ufunguo wa stoo anao yeye peke yake."

Walimkuta Runji akipogoa. Mkebe wa kopa ulikuwa mtupu.

"Habari ya asubuhi, mzee. Dawa hii iliisha lini?"

"Jumanne jioni, mwanangu. Nilipulizia waridi zote, kutoka getini hadi jikoni."

"Mvua imenyesha tangu hapo?"

"Mvua gani? Hii ni wiki ya tatu hatujaona hata wingu."

Makandi akachuma jani getini, akachuma lingine karibu na jikoni, akayafuta yote mawili kwa kidole. Kidole kikatoka na vumbi jekundu la barabara, basi.

"Kopa huacha doa la buluu juu ya jani mpaka mvua ilioshe. Mimi karo yangu ililipwa na kahawa, mzee. Doa hilo nalijua. Yako iliingia wapi?"

Runji aliweka mkasi chini taratibu. Husuda humla mwenyewe kwanza, na uso wa mzee huyu ulikuwa umekwisha kuliwa.

"Miaka kumi na minane," alisema, "kila bibi harusi wa Runyenjes alipigwa picha kwa waridi zangu. Mwezi uliopita harusi ilipita hapa mbio, wakakimbilia kioo cha samaki. Bibi harusi akauliza jina la anayelisha samaki. Langu hajawahi kuuliza mtu. Jana Ireri alipokwenda kula, saa moja jioni, nikaimimina tangini."

"Na ulingoja siku ya kubadilisha maji," alisema Makandi, "ili afungwe yeye."

Runji akaitikia kwa kichwa. Ireri alimsogelea. "Mzee, ningeuliza mimi jina lako, ungeniacha?"

"Wewe ulilijua," Runji alijibu. "Wewe hukuwa na haja ya kuuliza."

Ndambiri aliinamisha kichwa. "Ireri, nimekukosea," alisema, kisha akakumbuka harusi ya Jumamosi iliyopangwa kupigwa picha mbele ya tangi, akashika kiuno.

Runji alipofika kwenye gari la polisi aligeuka. "Sasa Jumamosi watapigwa picha wapi?"

"Kwa waridi, mzee," alisema Makandi akimfungulia mlango. "Hakuna kwingine. Panda."

Na mzee, Mola amsitiri, alipanda akitabasamu.