Aproni ya Memsabu

Nyumba yenyewe iko kilimani juu ya bandari ya Port Bell, Kampala, wajukuu zangu. Ilikuwa ya mzungu mwenye shamba la kahawa na mkewe, memsabu; siku hizi ni makumbusho. Asubuhi moja jikoni kulinuka siagi inayoungua, na jiko lile halijawashwa tangu wazungu waondoke.

Julienne, Mkongomani anayefagia pale, alimwambia Nashon, Mkenya anayetembeza wageni: "Kaka, kuna mtu anapika."

"Njaa yako hiyo! Hebu vaa aproni ya mtumishi, tuwachekeshe watoto wa shule. Nikivuta kamba ya kengele, itika kama zamani."

Nashon akamfunga aproni. Hajagusa kamba, kengele ikalia. Watoto wakacheka. Julienne, akidhani ni Nashon, akaitika kwa madaha: "Abee, memsabu! Naja!" Akapanda ghorofani na sinia la vikombe vitupu. Aliposhuka, vikombe vilikuwa na mashapo ya chai, na uso wake umekuwa jivu.

Jioni, saa ya kwenda kumnyonyesha mwanawe, miguu ilikataa kizingiti. Kila akikanyaga nje anajikuta jikoni, fundo la aproni likimkaza kiuno, maziwa yakimlowesha kifua, na huko juu visigino vya mwanamke vinatembea, ko, ko, ko, vinashuka ngazi moja, vinangoja, vinashuka nyingine, na ile siagi inanuka mpaka kooni.

Nashon alikimbilia Old Kampala kumleta Bi Sumayiya, Mnubi ajuaye kusema na majini. Akafukiza ubani. Sauti kavu ikatoka kinywani mwa Julienne:

"Huyu wangu. Nimeita, ameitika mbele ya mashahidi."

"Mwachie," akasema Bi Sumayiya, "ana mtoto mchanga."

"Wote walikuwa na watoto."

"Basi unataka nini?"

"Nyumba haikai bila mtumishi."

Bi Sumayiya akamnong'oneza Nashon: "Mwanangu, ubani wangu umefika mwisho. Aliyemvika ndiye wa kumvua. Lakini jini hili halibaki mikono mitupu."

Nashon alilia kama mtoto. Kisha akalifungua lile fundo, akajifunga aproni mwenyewe. Julienne akaruka kizingiti, hata viatu hakukumbuka.

Kesho yake alirudi na chapati na maharage, mtoto mgongoni, aje kushukuru. Nashon akafungua mlango nusu, akamtazama kama hajapata kumwona.

"Zunguka nyuma, mama," akanong'ona. "Mlango huu si wa watu kama sisi."