Kioo Namba Kumi

Jumatatu, saa tatu na robo asubuhi, mama mshonaji aliingia masjala ya ardhi na hati ya nyumba yake kwenye mfuko wa nailoni. Akaambiwa nyumba hiyo ina hati nyingine, mpya, yenye jina la mtu asiyemjua, na kwamba anatakiwa ahame Ijumaa. Mchana uleule karani mwenye ufunguo wa kabati la mhuri alitiwa ndani. Ikafika Alhamisi, Inspekta wa polisi aliyepewa kesi bado hana la kuwasaidia wawili hao.

"Mhuri hautoki kabatini bila wewe," alimwambia karani mahabusu kwa mara ya nne.

"Kweli, afande. Na haukutoka."

"Basi hati imegongwa na nani?"

"Ningejua si ningesema? Nina siku ya nne hapa sakafuni."

Inspekta alimwamini, na hapo ndipo shida ilipoanzia, maana kumwamini mtu si ushahidi. Alikuwa ameshambana na mchonga mihuri wa sokoni, akakagua daftari lake saa mbili nzima, akatoka mikono mitupu. Mchongaji alimcheka tu. "Siku hizi ni mashine, mama. Ukiipa picha nzuri inachonga chochote."

Ofisini aliziweka hati mbili mezani, chini ya picha ya nyuki iliyotundikwa ukutani, aliyopigiwa na kaka yake, jicho la mdudu limetoka safi, mabawa yamefifia na kupinda pembeni. Akachukua rula. Mhuri wa kweli ulikuwa boksi lenye pande nne zilizonyooka. Wa bandia pande zake ziliingia ndani kidogo, kama gunia lililofungwa kamba kiunoni. Mahakama ingetaka kuliona hilo, na kamera ya kituo haikuweza kusogea karibu kiasi hicho.

Saa tisa alikuwa kwa fundi kamera.

"Huhitaji lenzi mpya," fundi alisema. "Kuna kioo cha kuskurubu mbele, kama miwani ya kusomea. Namba ikipanda, ndivyo unavyosogea karibu."

"Nipe kubwa kabisa."

"Ee, unarudia kosa lilelile. Chukua namba tatu hii, ya vioo viwili vilivyogandana. Zile za kioo kimoja zenye namba kubwa zinakuza, lakini pembeni zinaharibu. Ukipiga boksi, litabana kiuno."

Inspekta aliweka mkoba mezani polepole. "Hiyo namba kubwa umewauzia wangapi?"

"Namba kumi? Nilikuwa nayo moja tu, wajuzi hawaitaki."

"Na aliyeichukua?"

Fundi alidhani anataniwa. "Dada, unanipima? Si wewe? Nilikushauri mpaka nikachoka, ukasema zawadi ya kaka lazima iwe kubwa."

Zawadi aliikumbuka; namba ndiyo aliyoisahau. Alinunua namba tatu bila hata kuuliza bei.

Saa kumi na moja jioni alimkuta kaka yake sebuleni, akipangusa kamera. Katika chumba cha ndani alilala mama yao, mwaka wa pili sasa hainuki kitandani.

"Kaka, hati ya nyumba hii ina mhuri wa masjala. Uliupiga picha."

Kaka hakubisha. Alikifungua kile kioo, akakiweka mezani kati yao.

"Umejuaje?"

"Mhuri wa bandia umepinda pembeni. Kama nyuki wako."

"Nyumba ile ya mshonaji ndimo alimoolewa mama," alisema kaka. "Kila asubuhi ananiuliza tunarudi lini. Wewe huwa kazini, humsikii. Ungemjibu nini?"

"Baba aliiuza kwa halali. Mama mshonaji amekaa pale miaka ishirini."

"Jina la kwenye hati nililibuni. Nilitaka afie pale, basi. Akishazikwa ningemrudishia mwenyewe."

"Na karani?"

"Sikujua watamkamata."

"Jumatatu usiku nilikuambia, tukila hapa hapa. Ukaniongezea mchuzi."

Kaka alikisukuma kioo upande wa Inspekta. Huyu ndiye aliyembeba mgongoni kwenda shule, aliyeacha masomo ili yeye asome. Inspekta alitafuta njia ya tatu, akaizunguka akilini kama mtu aliyepoteza ufunguo, na haikuwepo.

"Nipe siku mbili, mdogo wangu. Nimtafutie mama mtu wa kumgeuza kitandani."

"Kesho saa nne mshonaji anatolewa vyombo nje. Sina siku mbili, kaka. Sina hata moja."

Akapiga simu kituoni, akaagiza karani atolewe. Kisha akafungua fomu ya vielelezo: kioo cha kupigia picha za karibu, namba kumi, kioo kimoja. Kimekutwa kwa: akaandika jina la kaka. Kimenunuliwa na: kalamu ikasita.

"Nani huyo?" mama aliita kutoka ndani. "Mmekuja kunichukua?"

Kaka akamwashiria ajibu yeye.

"Bado, mama," alisema Inspekta. Akaandika jina lake mwenyewe, akamsubiri kaka yake avae viatu.